Kikumushi hiki ni cha nani? Kutafuta chanzo cha makosa katika maneno ambatani na virai

Karakana moja iliwahi kuniita nisome tangazo lao baada ya kuwa limekwisha kubandikwa ukutani. Lilisema: "Anatafutwa fundi wa mashine mpya." Waombaji walikuwa wakifika, na kila mmoja alitaka kwanza aoneshwe hiyo mashine mpya. Haikuwepo. Mashine zilikuwa zilezile za siku zote. Aliyetakiwa kuwa mpya ni fundi, kwa kuwa yule wa kwanza alikuwa amestaafu. Tangazo halikuwa na kosa hata moja la tahajia, na kila neno lilikuwa la Kiswahili safi. Ila neno "mpya" lilikuwa limekaa mlangoni pa nyumba isiyo yake.

Makosa ya aina hii ndiyo yanayonichukulia muda mwingi kuliko mengine yote katika uhariri, kwa sababu mwandishi hayaoni. Yeye anajua alichokusudia, hivyo kila akisoma anasikia maana ileile aliyokuwa nayo kichwani. Mwongozo huu ni kwa ajili yake, na kwa mwalimu anayesahihisha insha, na kwa yeyote anayeandika barua ya ofisi au tangazo la mtaa.

Istilahi mbili zitatutosha. Neno kuu ni lile linalotawala kirai, yaani kifungu cha maneno kisichofikia sentensi: katika "kiti kirefu", neno kuu ni "kiti". Kikumushi ni kile kinacholielezea: hapo ni "kirefu". Katika Kiswahili neno kuu hutangulia na vikumushi hufuata nyuma yake, isipokuwa "kila", ambalo hutangulia daima, na vionyeshi kama "yule" na "hiki", ambavyo huweza kukaa mbele au nyuma. Basi kila utakapohisi kirai kinayumba, jiulize mambo mawili. Kikumushi hiki ni cha neno gani? Na je, kiko nje ya neno hilo, au kimekwisha kuingia ndani yake na kuwa sehemu yake?

Dalili: msomaji anauliza "kipi ndicho kipya?"

Tuanze na kivumishi -pya chenyewe, maana ndicho kinachoficha zaidi. Kiambishi chake ni m- kwa mtu mmoja (fundi mpya), m- kwa mti au mkoa (mkoa mpya), m- kwa nyumba moja na kwa nyumba kumi (nyumba mpya), na m- tena kwa uwanja na uongozi (uwanja mpya). Ngeli nne zinavaa shati moja. Kwa hiyo ukiandika "mkuu wa mkoa mpya", sarufi haimwambii msomaji kama mpya ni mkuu au ni mkoa. Mtanzania aliyesoma kirai hicho mwaka 2012, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilipokuwa mikoa kwa mara ya kwanza, au mwaka 2016 Songwe ilipotoka Mbeya, alikuwa na haki kamili ya kuelewa kwamba mkoa ndio mpya.

Chanzo si uzembe wa mwandishi tu. Upatanisho wa ngeli ni zana nzuri ajabu ya kuonesha kikumushi ni cha nani, na tumeizoea hadi tunaisahau. Tazama "mwenyekiti wa chama kipya" na "mwenyekiti wa chama mpya". Herufi chache tu zimebadilika, na tayari tumejua kama kilichozaliwa ni chama au aliyechaguliwa ni mwenyekiti. Zana hiyo hukatika makali pale ambapo maneno mawili yanayogombea kivumishi yanatumia kiambishi kimoja. Hapo ndipo mwandishi anapoumia, kwa kuwa amezoea ngeli imfanyie kazi.

Kipimo ninachokipenda ni kukiweka kirai katika wingi. Mkuu na mkoa wanafanana katika umoja, lakini katika wingi wanaachana: "wakuu wa mikoa wapya" ni watu wapya, "wakuu wa mikoa mipya" ni mikoa mipya. Vivyo hivyo "uwanja wa ndege mpya". Wingi wake unakulazimisha uchague: "viwanja vya ndege vipya" au "viwanja vya ndege mpya"? Ukisita kuchagua, ujue msomaji wako naye atasita. Kipimo cha pili ni kubadilisha kivumishi. Weka -kubwa mahali pa -pya: "uwanja wa ndege mkubwa" na "uwanja wa ndege kubwa" ni vitu viwili, cha kwanza kikielezea ukubwa wa uwanja, cha pili kikisema ndege zinazotua hapo ni kubwa.

Ukishajua kwamba tatizo lipo, tiba yake ni kusogeza. Kivumishi kibebwe hadi kigusane na neno lake: "mkuu mpya wa mkoa", "uwanja mpya wa ndege", "anatafutwa fundi mpya wa mashine". Watu wengine hupenda kukiacha mwishoni kwa sababu "mkuu wa mkoa" wanakihesabu kama jina moja lisilopaswa kukatwa katikati. Naielewa hoja hiyo, na pale ngeli zinapotofautiana sina ugomvi nayo: "gari la moshi jipya" halimpotezi mtu, kwani "jipya" haliwezi kuwa la moshi. Ila ngeli zikilingana, sogeza.

Dalili: kivumishi hakina kiambishi kabisa

Hapa hali ni ngumu zaidi. Maneno kama bora, safi, huru, halali, ghali, rahisi na maalumu hayabadiliki kwa ngeli yoyote. Hayana uso wa kuonesha ni ya nani. Kinachobaki kuwasaidia wasomaji ni mahali yalipokaa, basi.

Wakulima wanaijua tofauti hii hata kama hawaiiti sarufi. "Mbegu bora za mahindi" ni mbegu zilizochaguliwa vizuri. "Mbegu za mahindi bora" huenda zikawa mbegu za kawaida zilizotoka kwenye mahindi yanayosifiwa, na huenda zikawa zilezile za kwanza. Mfuko wenye maandishi ya pili ningeuuliza maswali.

Angalia pia jinsi majina ya tume za uchaguzi yalivyoundwa. Kenya ina Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Tanzania Bara na Visiwani inajua Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Katika yote mawili "huru" imegandamana na "tume", kwa kuwa uhuru unaodaiwa ni wa chombo. Ukilipeleka neno mwishoni, "tume ya uchaguzi huru", unapata chombo cha kusimamia uchaguzi ulio huru, na chenyewe hakijasemwa kama ni huru au la. Neno ni lilelile, na katika sheria tofauti hiyo ni kubwa.

Dalili: "cha", "wa", "ya" zinafuatana na hujui ipi ni ya nani

A-unganifu, yaani hizo cha, wa, ya na wenzake, ina tabia moja ambayo ukiishika hutaiachia: herufi yake ya mwanzo inatazama nyuma, kwa bwana wake, neno linaloifuata ndilo inalolileta. "Kitabu cha mwalimu wa Kiswahili": cha inatazama kitabu, wa inamtazama mwalimu. Mwalimu anafundisha Kiswahili. Kitabu chake kinaweza kuwa cha kilimo. "Kitabu cha mwalimu cha Kiswahili": cha zote mbili zinatazama kitabu, na sasa mwalimu huenda anafundisha hesabu. Kosa linalozoeleka ni kuiacha a-unganifu ifuate neno lililo karibu nayo bila kuuliza kama linahusika.

Mfano ninaoutumia darasani ni jina la chombo kinachosimamia lugha yenyewe, BAKITA, kilichoanzishwa mwaka 1967: Baraza la Kiswahili la Taifa. "La" ya pili imeruka juu ya "Kiswahili" na kurudi kwa "Baraza". Baraza ndilo la taifa. Kama ingeandikwa "Baraza la Kiswahili cha Taifa", tungekuwa na baraza la aina fulani ya Kiswahili, kile cha taifa, kana kwamba kuna vingine vya mikoa. Linganisha na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili: hapo "wa" haikuruka, imetulia kwa jirani yake "uchunguzi". Aliyeyatunga majina haya alijua anachofanya.

Chukua penseli, chora mstari kutoka kila a-unganifu hadi kwa bwana wake. "Shati la rangi ya damu ya mzee": la inakwenda kwa shati, ya inakwenda kwa rangi, ya inakwenda kwa damu. Mistari mitatu mifupi, hakuna uliovuka mwingine. Kirai hicho kimenyooka kama rula. Mistari ikianza kuvukana, kirai kinahitaji kupumzishwa.

Sasa jaribu hiki: "kamati ya huduma ya afya ya kata". Kamati, huduma na afya zote ni za ngeli moja, na "ya" ya mwisho inaweza kwenda kwa yeyote kati yao. Dawa rahisi ni kuitafutia neno la kati umbo tofauti. Liweke katika wingi: "kamati ya huduma za afya ya kata". Sasa kama huduma ndizo zingekuwa za kata, tungeandika "za kata". "Ya" imebaki na njia ya kurudi kwa kamati, na afya peke yake haina madai makubwa hapo. Njia nyingine ni kukwepa a-unganifu kwa kiambishi cha mahali, kama lilivyofanya jina la Shirika la Afya Duniani.

Niseme neno kuhusu usemi wa Bara, wa Nairobi na wa maeneo mengi ya Kongo, ambako "shati ya", "duka ya" na "gari yangu" ni mazungumzo ya kila siku. Siyadharau mazungumzo hayo. Yana mpangilio wake na watu wanaelewana. Ila ukiyaleta kwenye maandishi rasmi unapoteza zaidi ya alama za mtihani. "Ya" ikienea kila mahali, msomaji hana tena mstari wa kuufuata.

Dalili: wingi unagoma

Mwanafunzi anaandika "wanamwsheria", anafuta, anaandika "wanazasheria", anafuta tena, na mwisho anaandika "wanasheria" bila kujua kwa nini ndiyo sahihi. Mwenzake anaandika "mwanamke, wanamke". Hapa tumeingia ndani ya neno ambatani, na swali letu la pili ndilo linalofanya kazi.

Maneno mawili yanapoungana kuwa moja, kikumushi hufungiwa ndani. Kwa kawaida hakisikii tena kelele za nje: neno la kwanza linabadilika kwa umoja na wingi, la pili limeganda. Mwanasheria, wanasheria. Mwanakijiji, wanakijiji, hata kama wametoka vijiji ishirini. Mfanyabiashara, wafanyabiashara. Kiamshakinywa, viamshakinywa, wala si "viamshavinywa". Kipaumbele, vipaumbele. Kidole gumba, vidole gumba. Bwana shamba, mabwana shamba, hata kila mmoja akiwa na mashamba hamsini ya kukagua.

Mbona basi mwanamke ni wanawake, na mjamzito ni wajawazito? Jiulize kama sehemu ya pili inamtaja mtu yuleyule aliyetajwa na sehemu ya kwanza. Mjamzito ni mzito yeye mwenyewe. Katika mwanamke, "mke" ni huyohuyo "mwana", kwa maana ya zamani ya mtu wa kike. Wakiwa wengi, uzito na uke nao ni wa wengi, na sehemu zote mbili zinabadilika. Lakini mwanasheria si sheria, mwanajeshi si jeshi, mfanyabiashara si biashara. Sehemu ya pili ni kitu anachohusiana nacho, na hicho hakiongezeki kwa sababu watu wameongezeka.

Kipimo hicho kinaponya maneno mengi, si yote. Mwenyekiti si kiti, na bado Kiswahili sanifu kinasema wenyeviti. Nadhani ni kwa sababu "mwenye" halijasahau uhuru wake: tunasema mwenye duka, wenye maduka, kila mtu na lake, na kiti kikafuata mkondo huohuo. Mwanamichezo nalo limebeba wingi tumboni tangu likiwa umoja. Maneno haya yakaririwe tu.

Dalili: "mfugaji kuku", "mfuga wa kuku"

Zote mbili zinakwaruza sikio, na sababu ni nzuri kuijua. Nomino ya mtendaji inayoishia na -a, kama mfuga, mpiga, mchoma, muuza, bado ina njaa ya kitenzi. Inadai yambwa yake, yaani kile kinachotendwa, papo hapo, bila kiunganishi: mfuga kuku, mpiga ngoma, mchoma nyama, muuza samaki. Ukisema "mpiga" ukanyamaza, kila mtu anasubiri. Inayoishia na -ji au -zi imekwisha kuwa nomino kamili, inasimama peke yake, na ikitaka kikumushi inakiita kwa a-unganifu: mfugaji wa kuku, mchomaji wa nyama, muuzaji wa samaki, mlinzi wa mlango. Chagua njia moja, usichanganye kichwa cha hii na mkia wa ile. Magazeti yanapobana nafasi kwenye vichwa vya habari hukata "wa" na kutuachia "mfugaji kuku". Nafasi ingepatikana vilevile kwa kuandika "mfuga kuku", na lugha isingeumia.

Dalili: hujui uandike pamoja au utenganishe

Anza na kamusi. Zikipishana kamusi, chagua moja na uishikilie kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Wapiga kura na wapigakura wasikutane katika ripoti moja.

Ila inafaa kuelewa kinachoendelea, kwa sababu si ugomvi wa nafasi tu. Maneno huungana hatua kwa hatua. Kwanza palikuwa na gari la moshi, kirai huru chenye a-unganifu. Kisha a-unganifu ikadondoka: gari moshi. Kisha ukuta wa katikati ukaanguka: garimoshi, ambalo wingi wake ni magarimoshi. Pundamilia ni punda mwenye milia aliyepita njia hiyohiyo. Batabukini amekwenda mbali zaidi: Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la Madagaska, na wengi wanaomfuga leo hawajui kwamba wanataja kisiwa. Kikumushi kimefungiwa ndani hadi nje hakijulikani.

Kipimo cha kuungana ni kujaribu kupenyeza neno katikati. "Nyumba yake ndogo" ni nyumba isiyo na vyumba vingi. "Nyumba ndogo yake", kwa masikio ya Tanzania, ni mwanamke mwingine nje ya ndoa. Katika ya kwanza kimilikishi kimepita katikati bila kizuizi, kwa sababu ni kirai cha kawaida. Katika ya pili maneno mawili yameshikana mikono na kimilikishi kimelazimika kubaki nje. Uandikapo habari za mtu, nafasi ya "yake" si jambo la kupuuza.

Majina ya ukoo yanakaidi kipimo hiki. Baba mdogo ni mtu mmoja mahususi, ndugu wa baba, na bado tunasema "baba yangu mdogo", na wingi wake "baba zangu wadogo". Vimilikishi hung'ang'ania majina ya jamaa kwa nguvu kuliko vivumishi. Usiwasahihishe watu hapo, wako sahihi.

Dalili ndogondogo za kutibu haraka

"Wanafunzi kumi na mbili": nambari ya mwisho inapatana na nomino, basi ni kumi na wawili, viti kumi na viwili, vitabu ishirini na kimoja. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kosa hili hujificha mtu anapoandika 12 kwa tarakimu, likajitokeza siku ya kusoma hotuba.

"Kila watu": kila hufuatwa na umoja. Kila mtu.

"Nguo ya kijani mbichi": kibichi ni sifa ya kijani, haikuwa ya nguo. Nguo ya kijani kibichi, majani ya kijani kibichi, ukuta wa kijani kibichi.

"Rafiki yangu yangu mpendwa" hakuna aandikaye, ila wapo wanaoshangaa kwa nini "yangu" inafuata ngeli ya N na "mpendwa" inafuata ya mtu. Ndivyo ilivyo: rafiki yangu mpendwa, marafiki zangu wapendwa.

Dalili ambayo kiambishi hakiwezi kuitibu

"Mtoto wa jirani aliyefariki jana atazikwa kesho." Nani amefariki? Mtoto ni mtu, jirani ni mtu, na "aliyefariki" inamfaa kila mmoja wao. Kuweka katika wingi hakusaidii: watoto wa majirani waliofariki, giza ni lilelile. Kusogeza nako kunaleta "mtoto aliyefariki jana wa jirani", sentensi ambayo hakuna mama wala baba anayeisema. "Atazikwa kesho" inamtaja mtoto, kwa hiyo maana inakisiwa, lakini ondoa maneno hayo mawili, weka "Mtoto wa jirani aliyefariki jana anaomba msaada", na ghafla ni jirani aliyekufa.

Nimepokea tangazo la msiba la namna hii usiku, likiwa limetumwa kwa watu wengi, na nimewaona watu wakimpigia simu ya pole mtu asiyefiwa namna waliyodhani. Kwa habari kama hiyo usitafute ujanja wa sarufi. Vunja kirai, andika sentensi mbili, na kila mtu apewe kitenzi chake: "Jirani yetu amefiwa na mtoto wake jana. Mazishi ni kesho saa kumi alasiri."